Kujiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka wa kwanza: mwongozo kamili, kuanzia matokeo ya KCSE hadi siku ya kuripoti

Mwaka ambao mpwa wangu alijiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi, tulifika lango la University Way saa moja asubuhi, yeye na begi mbili, mimi na godoro lililofungwa kwa kamba. Askari wa langoni akaichukua barua, akaisoma, kisha akatuonyesha kwa kidole mstari ambao sisi wawili hatukuwa tumeusoma: kampasi ya Kikuyu. Tukarudi stejini, tukapanda matatu namba 105, na tulipofika huko foleni ilikuwa imeshazunguka jengo. Jioni ile alilala bila chumba, kwa sababu waliofika asubuhi walikuwa wamekwisha kushughulikiwa.

Nina saiba, yaani duka la intaneti, mtaani Umoja. Matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, yakitoka kila Januari, watoto na wazazi wao hujaa humu mpaka mlangoni, na maswali yao huwa yale yale. Wengi huamini kwamba gredi ikishapatikana kazi imekwisha. Mimi nimeona watoto wenye A- wakikosa kozi waliyoitaka kwa sababu ya somo moja, na wengine wakipoteza wiki nzima kwa sababu ya herufi moja kwenye cheti cha kuzaliwa. Ndiyo maana nimeandika haya kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe mtu akikaa mbele ya kompyuta yangu. Nimechukua Chuo Kikuu cha Nairobi kama mfano kwa sababu kampasi zake zimetawanyika kuliko za vyuo vingi, lakini hatua nyingi ni zile zile hata ukienda Kenyatta, Moi au Maseno.

Hatua ya kwanza: majina yako

Anza hapa hata kabla matokeo hayajatoka. Toa cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha kitaifa kama umefikisha miaka 18, cheti cha KCPE (ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi) na karatasi ya matokeo ya KCSE, uvipange mezani vyote vinne. Soma jina herufi kwa herufi. Je, ni majina mawili hapa na matatu pale? Jina la baba limeandikwa kwa "w" kwenye kimoja na kwa "v" kwenye kingine? Tarehe ya kuzaliwa ni ile ile?

Majina yakipishana mpangilio tu, mara nyingi hakuna tatizo kubwa. Herufi ikikosekana au jina zima likiwa tofauti, utakwama mara tatu: kwenye maombi ya kozi, kwenye maombi ya mkopo, na kwenye dawati la usajili chuoni. Kosa likiwa kwenye cheti cha kuzaliwa, marekebisho huanzia idara ya usajili wa raia, na maombi hufanywa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Likiwa kwenye cheti cha mtihani, mkuu wa shule ndiye wa kwanza kumwona, kisha KNEC, baraza la mitihani. Pale ambapo marekebisho yatachukua miezi, wakili anaweza kukuandikia hati ya kiapo inayosema kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo huokoa wengi, ila usiitegemee kama unaweza kurekebisha cheti chenyewe, maana utaibeba miaka minne.

Kitambulisho nacho kisingoje. Ukifikisha miaka 18 ukiwa Kidato cha Nne, likizo ya mwisho wa mwaka ndiyo nafasi yako. Huduma Centre ya GPO, Kenyatta Avenue, hujaa sana; Makadara au Eastleigh huwa afadhali kwa sisi wa Eastlands. Bila kitambulisho huwezi kusajili laini ya simu kwa jina lako, na bila laini yenye jina lako maombi ya mkopo yatakusumbua.

Neno moja kwa wazazi wenye madeni ya karo ya sekondari: Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 hairuhusu shule kuzuia cheti cha mtihani kwa sababu ya deni. Deni lipo na litalipwa, lakini cheti ni cha mtoto. Nenda umwone mkuu wa shule kwa heshima, na ukishindwa, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Hatua ya pili: elewa C+ inakupa nini

C+ ndiyo gredi ya chini ya kuingia shahada katika chuo kikuu cha Kenya. Kwa pointi, C+ huanzia 46 kati ya 84, yaani masomo saba, kila moja likiwa na pointi 12 kwa A hadi 1 kwa E. Tangu mtihani wa mwaka 2023, gredi ya wastani huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyoyafaulu vizuri kuliko mengine. Mabadiliko hayo yamewapandisha wengi waliokuwa wakivutwa chini na Kiingereza au somo fulani la sayansi.

Lakini C+ inakuruhusu kuomba tu. Kupata kiti ni jambo la pili. Kila kozi ina mahitaji yake ya masomo, na hapa ndipo machozi mengi humwagika mbele yangu.

Udaktari unataka B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Ukiwa na A- ya jumla na B- ya Kemia, mlango umefungwa. Kozi ya Sheria inataka B katika Kiingereza au Kiswahili. Nimewahi kumwona kijana aliyekuwa na B+ ya jumla na C+ katika lugha zote mbili akisisitiza kujaza Sheria. Mashine ilimkatalia, na ilikuwa heri ikamkatalia mapema. Uhandisi unataka C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia, kwa hiyo aliyeacha Fizikia Kidato cha Tatu alikwisha kuchagua bila kujua. Anayetaka ualimu wa sekondari lazima awe na C+ katika masomo mawili atakayofundisha, kwa kuwa TSC, tume ya walimu, haimsajili mwalimu asiye na hizo.

Mzazi ambaye mtoto wake bado hajachagua masomo, tafadhali soma aya hiyo tena.

Hatua ya tatu: hesabu klasta zako

Klasta ni kundi la masomo manne ambayo kozi fulani huyatazama. Masomo ya KCSE yamegawanywa katika makundi matano: la kwanza ni Kiingereza, Kiswahili na Hisabati, la pili sayansi, la tatu Historia, Jiografia na masomo ya dini, la nne masomo ya ufundi na matumizi kama Kilimo, Kompyuta na Sayansi Kimu, la tano lugha za kigeni, Muziki na Biashara. Uhandisi, kwa mfano, hutazama Hisabati, Fizikia, Kemia na somo jingine la nne.

Kisha huja pointi za klasta, ambazo hufika hadi 48. Hesabu iliyozoeleka ni hii: chukua jumla ya pointi zako katika masomo manne ya klasta, ugawe kwa 48. Chukua jumla ya masomo yako saba, ugawe kwa 84. Zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili (square root), kisha zidisha kwa 48.

Tufanye pamoja. Una jumla ya pointi 70, yaani B+. Katika masomo manne ya klasta ya uhandisi umepata 40. Arobaini kwa 48 ni 0.833, na 70 kwa 84 nayo ni 0.833. Kuzidisha na kutafuta kipeuo kunakurudisha kwenye 0.833, na mara 48 ni 40. Mwenzako wa dawati moja ana 70 vile vile, B+ ile ile, ila masomo yake manne ya klasta hiyo yana 36. Yeye anapata kama 37.95. Pointi mbili hizo zinaweza kuwa tofauti kati ya kuingia na kubaki nje, ilhali nyumbani wote wawili walichinjiwa kuku kwa gredi moja.

Ukihesabu kwa kalamu unapata makisio. Pointi rasmi utaziona ndani ya akaunti yako ya KUCCPS, shirika la serikali linalowapangia wanafunzi vyuo, na hizo ndizo za kufuata, kwa sababu mfumo huo huzingatia pia jinsi watahiniwa wote walivyofanya katika kila somo. Fungua klasta moja moja uone unapong'ara. Mara nyingi mtoto huja akiwa ameng'ang'ania kozi moja, tukifungua ukurasa ule anagundua klasta yake bora iko mahali ambapo hakuwahi kupafikiria.

Kuna jambo la kiwango cha mwaka uliopita. Kila kozi huonyesha pointi za mtu wa mwisho aliyechukuliwa miaka iliyotangulia. Hakuna aliyekaa ofisini akapanga namba hiyo mapema; huzaliwa na ushindani wa mwaka wenyewe. Kwa hiyo itumie kama dira. Ukiwa juu yake kwa pointi tatu au nne, pumua. Ukiwa umeipita kwa nukta tu, jaza, lakini usiifanye tegemeo lako la pekee.

Hatua ya nne: kuomba kupitia KUCCPS

Wazazi waliosoma zamani bado huuliza kuhusu JAB, ile bodi ya pamoja iliyowafanya wakae nyumbani zaidi ya mwaka mmoja wakisubiri kuitwa. JAB haipo tena. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012 ilianzisha KUCCPS, na sasa mtoto anaomba mwenyewe mtandaoni, ndani ya dirisha linalofunguliwa kwa muda mfupi baada ya matokeo. Watoto huniambia, "Aunty, nitakuja wiki ijayo." Mimi huwaambia waje leo, kwa sababu siku mbili za mwisho tovuti huelemewa.

Unaingia kwa namba yako ya mtihani wa KCSE, mwaka wa mtihani, na neno la siri la kuanzia, ambalo ni namba ya cheti cha kuzaliwa au namba ya KCPE iliyotumiwa kukusajili. Ikikataa, jaribu ile nyingine kabla ya kukata tamaa. Badilisha neno hilo mara moja, uliandike kwenye daftari la nyumbani. Usimwachie mhudumu wa saiba, hata kama ni mimi.

Ada ya maombi imekuwa shilingi 1,500, nayo hulipwa kupitia eCitizen, paybill 222222. Namba ya akaunti utapewa na mfumo wenyewe. Anayekuambia umtumie kwenye simu yake ili "akusaidie kulipa" anataka kukuibia.

Fomu ina chaguo la kwanza lililogawanywa mara tatu, 1a, 1b na 1c, kisha la pili, la tatu na la nne. Ushauri wangu ni wa wazi: weka ndoto yako juu kabisa, hata kama pointi ni za kubahatisha, katikati weka kozi unazozitaka na ambazo pointi zako zinazifikia vizuri, na mwisho weka ile ambayo una hakika nayo na ungekubali kuisoma kwa miaka minne. Usijaze chaguo la nne kwa kozi usiyoijua kwa kuwa tu nafasi imebaki. Watu hupelekwa huko, nami huwaona Septemba wakiwa wameinama.

Kila kozi katika kila chuo ina namba yake ya kipekee. Soma namba pamoja na jina la chuo, kwa sauti, kabla ya kubonyeza. Majina ya kozi hufanana mno, na ukikosea tarakimu moja unaweza kujikuta umeomba kozi ile ile katika mji mwingine. Chuo Kikuu cha Nairobi chenyewe kina kampasi Mombasa na Kisumu, kwa hiyo jina la chuo halitoshi kukuhakikishia kwamba utasomea Nairobi.

Dirisha likifungwa na ukawa hukupata ulichoomba, haujaisha. Hufunguliwa awamu nyingine kwa walioachwa, na kozi zenye nafasi hutangazwa. Baada ya wanafunzi kupangiwa vyuo, kuna pia nafasi ya kuomba uhamisho kwenda chuo au kozi nyingine, mradi pointi zako zifikie kiwango cha kozi hiyo na kiti kiwepo. Uhamisho huombwa kupitia mfumo ule ule wa KUCCPS. Mabroka huzunguka kipindi hicho wakiuza "uhamisho wa uhakika". Hakuna kitu kama hicho.

Hatua ya tano: pesa, na usingoje barua

Kupangiwa chuo hakuleti pesa. Hili nalirudia kila siku. Tangu mwaka 2023 wanafunzi wapya wa vyuo vya umma wako chini ya mfumo wa ufadhili wenye sehemu tatu: msaada wa serikali usiorudishwa, mkopo unaorudishwa wa HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu, na mchango wa familia. Mwanafunzi huwekwa katika daraja moja kati ya tano kulingana na hali ya nyumbani. Katika mgawanyo wa mwaka 2024, daraja la kwanza lilipewa asilimia 70 ya karo kama msaada na asilimia 25 kama mkopo, familia ikabaki na asilimia 5. Daraja la tano lilipewa asilimia 30 na 30, familia ikabeba asilimia 40. Karo zenyewe nazo zimekuwa zikibadilishwa, kwa hiyo fuata kiasi kilichoandikwa kwenye barua yako na kwenye akaunti yako ya ufadhili, si kile alicholipa binamu yako.

Maombi hufanywa mara moja kwa msaada na mkopo pamoja, katika tovuti ya hef.co.ke. Andaa kabla hujakaa: namba ya mtihani, barua pepe unayoikumbuka, laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, picha ya pasipoti, kitambulisho chako, vitambulisho vya wazazi, na wadhamini wawili walio tayari kutoa vitambulisho vyao. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo. Kama ulisomeshwa sekondari na mfadhili, barua yake.

Kuna maswali marefu kuhusu nyumbani: wazazi wanafanya kazi gani, ndugu wangapi wako shuleni, ulisoma shule ya aina gani na karo ilikuwa ngapi. Watoto huona haya. Nimewaona wakiandika kwamba baba ana "biashara" ilhali anasukuma mkokoteni Gikomba, eti wasionekane maskini. Mwanangu, andika ukweli. Daraja lako linatoka hapo, na ukijipandisha hadhi kwenye fomu, mama yako ndiye atakayelipa tofauti hiyo. Vivyo hivyo usijishushe kwa uongo, kwa kuwa taarifa hulinganishwa na rekodi nyingine za serikali. Ukipewa daraja ambalo halilingani na hali yenu, kuna njia ya kukata rufaa ukiwa na ushahidi. Wengi hawajui, hivyo hawaombi.

Hatua ya sita: barua ya kujiunga na karatasi zake

Ukishapangiwa, barua hupakuliwa kwenye tovuti ya chuo kwa kutumia namba yako ya KCSE. Chapisha yote, kurasa zote, pamoja na fomu zilizoambatishwa. Kisha kaa chini na mzazi muisome mkiwa wawili. Itafuteni mistari hii na muipigie kalamu: namba ya usajili, kitivo, kampasi, tarehe ya kuripoti, kiasi cha karo, na akaunti ya kulipia.

Namba ya usajili ina maana yake. Kwa mfano, inayoanza na G34 ni ya Sheria. Ukiona herufi zisizolingana na kozi uliyoomba, piga simu chuoni kabla ya siku ya kuripoti.

Fomu ya afya ndiyo huchelewesha watu kuliko zote. Inajazwa na daktari, na hospitali za umma kama Mama Lucy Kibaki au Mbagathi huwa na foleni ndefu mwezi wa Agosti. Nenda wiki tatu kabla. Jisajili pia na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024.

Vingine utakavyohitaji kwa kawaida ni fomu ya kukubali nafasi ikiwa imetiwa sahihi, karatasi ya matokeo au cheti halisi cha KCSE, cheti cha kumaliza shule, kitambulisho au cheti cha kuzaliwa, picha za pasipoti, na risiti ya malipo. Piga nakala tatu za kila kimoja. Nakala za saiba karibu na chuo siku ya kuripoti huuzwa ghali, nami nasema hivyo nikiwa mwenye saiba. Weka halisi kwenye bahasha moja na nakala kwenye nyingine, na usimpe mtu yeyote cheti halisi bila kuona anakitazama na kukurudishia papo hapo, isipokuwa barua imesema kitabaki.

Lipa karo kwa njia iliyoandikwa kwenye barua tu. Hakuna karani wa chuo anayepokea karo kwenye simu yake binafsi.

Hatua ya saba: kampasi yako iko wapi, na utalala wapi

Hapa ndipo tulipokosea sisi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chuo hiki kilianza kama chuo cha ufundi katikati ya jiji miaka ya 1950, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1970, na kadiri kilivyokua kilisambaa. Kampasi kuu iko pale University Way na Harry Thuku Road. Uhandisi, majengo na usanifu, na masomo mengi ya sanaa yako huko. Chiromo, bewa la sayansi, liko ng'ambo, upande wa Riverside na Waiyaki Way. Kilimo na tiba ya mifugo viko Upper Kabete, biashara iko Lower Kabete, na hizo mbili zinachanganywa kila mwaka kwa sababu ya jina, ilhali ziko kwenye barabara tofauti. Sheria iko Parklands. Ualimu umegawanyika kati ya Kikuyu, ambayo iko kaunti ya Kiambu, na Kenya Science kwenye Ngong Road, ambako unafika kwa 111. Masomo ya afya yako karibu na Hospitali ya Kenyatta, lakini mwanafunzi wa udaktari wa mwaka wa kwanza asikimbilie kupanga chumba huko: masomo ya viungo vya mwili na utendaji wake yamekuwa yakifundishwa Chiromo.

Fanya hivi: wiki moja kabla, chukua matatu uende mpaka langoni bila mzigo wowote. Angalia steji ya kushukia, nauli ya asubuhi na ya jioni, na ofisi ya kitivo. Safari hiyo ya mia mbili itakuokoa siku nzima.

Vyumba vya chuo husimamiwa na idara ya malazi, na huombwa mtandaoni. Havitoshi wote. Omba saa ile ile mfumo unapofunguliwa, kwa sababu anayetangulia ndiye anayepata. Ukikosa, usilipe hosteli ya kibinafsi kwa picha za WhatsApp. Walio kampasi kuu na Chiromo hutafuta Ngara na Parklands. Wa Upper Kabete hutafuta Kangemi, Uthiru na Kinoo, ambako bedsita huwa nafuu. Tembelea chumba jioni, uliza kuhusu maji na usalama wa njia baada ya saa mbili usiku, na kwa msichana hasa, uliza wanafunzi wanaoishi hapo, si mwenye nyumba. Kama nyumbani ni Umoja au Kayole na darasa ni Kikuyu, hesabu nauli ya mwezi na masaa ya foleni ya magari kabla ya kusema utakuwa ukitoka nyumbani. Tulijaribu na mpwa wangu kwa muhula mmoja. Alikuwa akiondoka saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa tatu usiku, na alama zake zikasema yaliyobaki.

Hatua ya nane: siku ya kuripoti

Fika mapema, umekula, ukiwa na maji na simu yenye chaji. Mzazi mmoja anatosha. Utapitia madawati kadhaa: kukagua vyeti, karo, afya, kitivo, kisha picha ya kitambulisho cha mwanafunzi. Kama karo yote haijapatikana, usibaki nyumbani kwa aibu. Nenda ukiwa na ushahidi kwamba umeomba ufadhili, uliza ofisi ya fedha au ya mlezi wa wanafunzi unaruhusiwa kujisajili vipi. Wanaobaki nyumbani kimya ndio hupoteza nafasi.

Kama kuna ugonjwa au msiba na huwezi kabisa kuanza mwaka huo, mwandikie msajili wa masomo ukiomba kuahirisha, ukiambatisha ushahidi, kabla tarehe haijapita. Pata jibu la maandishi.

Kama hukufika C+

C au C- inakufungulia stashahada, D inakufungulia cheti cha ufundi, na zote huombwa kupitia KUCCPS hiyo hiyo. Stashahada kutoka taasisi inayotambuliwa huweza kukurudisha kwenye shahada baadaye. Waliosoma nje ya mfumo wetu na kufanya mitihani ya ngazi ya A huhitaji masomo makuu mawili waliyofaulu, na vyeti vyao hulinganishwa kwanza na mamlaka za Kenya. Wapo pia wanaojilipia wenyewe moja kwa moja chuoni, mpango ambao hapa Nairobi ulianza mwaka 1998. Hao huomba kwa chuo chenyewe.

Wiki mbili za kwanza

Usajili wa siku ya kwanza si usajili wa masomo. Ukishapata namba, ingia kwenye tovuti ya wanafunzi ya chuo na usajili yuniti zako, yaani masomo utakayosoma muhula huo. Usiposajili yuniti, jina lako halitakuwa kwenye orodha ya mtihani, hata kama umehudhuria kila darasa. Ukiona kozi uliyopewa haikufai kabisa na unataka kitivo kingine ndani ya chuo, uliza wiki hizo hizo kuhusu uhamisho wa ndani, kwa sababu muda wake huwa mfupi. Ingia pia kwenye akaunti ya ufadhili uhakikishe kwamba chuo, kozi na namba ya usajili zimeandikwa sawa, maana pesa hufuata namba hiyo.

Kisha chapisha orodha ya yuniti ulizosajili, ikiwa na tarehe, uiweke kwenye bahasha ya nakala pamoja na risiti.